Je, Huku Ni Mkono kwa Mkono?

Hadi mwaka 1966 mvuvi wetu wa Vanga alitumia shilingi moja, hapa na Jasini ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo hana budi kubadilisha: atoa noti, apokea noti, papo kwa papo, kama alivyoagiza Mtume (s.a.w.). Katika mabenki makubwa ya London mmoja husema na mteja, wa pili hukata bei, wa tatu, chumba mbali, ndiye mlipaji. Na malipo kwa kawaida hufika baada ya siku mbili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1990, ilisamehe ucheleweshaji uliozoeleka sokoni, lakini ikashurutisha mpokeaji asizitumie fedha kabla hazijathibiti kumfikia. Hapo ndipo tuonapo uzito, ndugu zetu: mkata bei huwa amekwisha kuziuza tena kabla ya adhuhuri.