Nani Mdaiwa wa Ukweli? Ubaguzi na Asili Iliyofichwa katika Riwaya ya Fantasia ya Vijana, kwa Mtazamo wa Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Katika riwaya za fantasia zinazoandikiwa vijana kuna mhusika mmoja anayerudi mara kwa mara. Naye ni yule anayeishi miongoni mwa watu wasioijua asili yake, akila mezani pao na kufanya kazi pamoja nao, huku akisikia kila siku jinsi watu wa asili yake wanavyotukanwa. Siri hiyo ndiyo inayousukuma msuko mbele: msomaji huikisia, huisubiri ifumbuke, na inapofumbuka hadithi hufikia kilele. Ni rahisi kwa mhakiki kuishughulikia siri hii kama suala la fani, yaani mbinu ya kujenga taharuki, na kuishia hapo. Makala haya yanaichukulia kuwa suala la maadili. Tunauliza: mtu anayeificha asili yake mbele ya ubaguzi, je, anawadanganya wenzake? Na ikiwa kuna deni la ukweli katika hali hiyo, mdaiwa ni nani?

Tutalijadili swali hili kwa kuisoma riwaya moja mashuhuri, Harry Potter and the Prisoner of Azkaban ya J. K. Rowling (1999), tukiwa tumesimama mahali mahususi: mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Mahali hapa hapakuteuliwa kwa pambo. Kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Eastleigh na Dandora, swali "wewe ni mtu wa wapi?" limewahi kuulizwa na watu wenye bunduki, tena zaidi ya mara moja. Msomaji aliyelelewa huko ana sababu ya kutoiona siri ya mhusika kama mchezo wa kitabuni.

Kutoka zimwi la ngano hadi mwalimu wa riwaya

Kijana wa Kenya anapofungua riwaya ya aina hii huwa tayari amefunzwa namna ya kumwelewa mtu anayejificha. Ngano za jamii zetu nyingi humsimulia msichana mwenye maringo anayewakataa wachumba wa kijijini, kisha akaolewa na mgeni mtanashati ambaye baadaye hubainika kuwa zimwi au fisi. Katika ngano hizo aliyefichika ni hatari, na fundisho huelekezwa kwa msichana: angechunguza kwanza. Anayeuliza swali la asili ndiye mwenye busara. Anayelikwepa ana meno yaliyofunikwa.

Rowling anaupindua mpango huu kwa mhusika wake Remus Lupin. Huyu ni mwalimu mpole, hodari na aliyevaa mavazi yaliyochakaa, ambaye aliumwa utotoni na tangu hapo hugeuka mbwamwitu kila mwezi unapokuwa mpevu. Mkuu wa shule anajua. Wanafunzi na wazazi wao hawajui. Siri inapotobolewa na mwalimu mwenzake, Lupin anajiuzulu kabla barua za wazazi hazijafika, ijapokuwa wanafunzi hawakupata kuwa na mwalimu bora kuliko yeye katika somo lile. Kwa mara moja msomaji kijana anasimama upande wa aliyefichika, na anayefichua anaonekana kuwa mtu wa chuki. Huu ni mchango wa kimaadili usiopaswa kubezwa.

Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni nafasi ya Hermione. Msichana huyu, ambaye mwenyewe hutukanwa kwa sababu wazazi wake si wachawi, anaigundua siri ya Lupin miezi mingi kabla ya wenzake. Ananyamaza. Anaitamka tu siku anapoamini, kimakosa, kwamba Lupin anamsaidia muuaji. Tofauti hii inafaa kuzingatiwa kwa makini. Asili ya mwalimu haikumfanya avunje kimya. Kilichomfanya akivunje ni kitendo alichodhani mwalimu amekitenda. Hermione anatuonyesha kanuni ambayo riwaya yenyewe haiitamki: kumjua mtu hakukupi haki ya kumtangaza, na kinachoweza kuuliziwa hadharani ni matendo.

Kasoro ya sitiari

Hata hivyo, sitiari ya mbwamwitu ina kasoro kubwa. Usiku ule ule wa ufichuzi Lupin husahau kunywa dawa yake, anageuka, na anawahatarisha wanafunzi watatu. Yaani wazazi wanaomkataa wana sababu! Ubaguzi ambao riwaya inataka tuuchukie umejengwa juu ya hatari ya kweli iliyomo katika mwili wa anayebaguliwa. Kasoro hii haimhusu Rowling peke yake. Karibu kila fantasia inayowakilisha wabaguliwa kwa viumbe wenye nguvu za kutisha huingia katika mtego huo. Mbaguzi husema, "Hawa wana kitu ndani yao." Mwandishi hujibu, "Naam, wanacho, lakini wavumilieni." Kwa jibu hilo dai la msingi la mbaguzi limekwisha kukubaliwa.

Kuna njia nyingine inayotumiwa na waandishi wa fantasia, nayo ni kumfichua mhusika kuwa mtoto wa mfalme au mwenye kipaji cha kuokoa ulimwengu. Hapo jamii humpokea kwa sababu ya manufaa yake. Je, wenzake wa asili ile ile wasio na kipaji chochote watapokewa na nani?

Ni katika hatua hii ambapo Eastlands inaipima riwaya. Mpangaji wa Bahati au Makongeni hana mwezi mpevu damuni mwake. Hageuki. Kinachogeuka ni nyakati: jina ambalo jana lilikuwa jina tu, leo limekuwa ushahidi.

Gunia la 1954

Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil. Jiji lilizingirwa, mitaa ya Waafrika ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Makumi ya maelfu walipelekwa katika kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Katika misako na uchujaji wa enzi hiyo ya Hali ya Hatari palikuwa na mtu aliyekumbukwa kwa vazi lake: mjumbe aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Alipotikisa kichwa, mtu aliondolewa.

Hebu tulitazame gunia hilo kwa jicho la mhakiki. Riwaya za fantasia zimetuzoesha kudhani kwamba aliyevaa kinyago ni yule anayeogopa kubaguliwa. Katika Nairobi ya 1954 mambo yalikuwa kinyume. Aliyeulizwa alisimama uso wazi, akiwa na jina, kipande na chumba kinachojulikana. Aliyefichika alikuwa shahidi wa dola. Ukweli ulidaiwa kutoka kwa yule asiye na uwezo wa kuuliza chochote, na ukadaiwa na mtu asiyeweza kuulizwa.

Sasa tuchukulie kwamba mpangaji wa Pumwani alijitambulisha siku ile kwa kabila lisilo lake, na jirani yake aliyejua akanyamaza. Immanuel Kant, katika insha yake ya 1797 kuhusu haki ya kusema uongo kwa ajili ya upendo wa watu, angewalaumu: alishikilia kwamba ukweli ni wajibu hata mbele ya muuaji anayeuliza alikojificha rafiki yako. Jibu letu kwa Kant ni kwamba swali si ombi la habari tu. Swali ni tendo, na lina maadili yake. Anayeuliza asili ili apate kuadhibu kwa ajili ya asili ameanza dhuluma kabla hajajibiwa, naye ndiye mwenye deni. Kudai aambiwe ukweli ni kudai mwathiriwa ashirikiane naye.

Mtu anaweza kusema kuwa hayo yalikuwa ya wakoloni. Lakini mwaka 1989 serikali ya Kenya huru iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali, na wao peke yao, wachujwe na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia. Aprili 2014, miaka sitini kamili baada ya Anvil, operesheni ya Usalama Watch ilipita Eastleigh baada ya mashambulizi ya kigaidi. Maelfu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo raia wa Kenya. Hatari iliyotajwa ilikuwa ya kweli. Watu walikuwa wameuawa. Ila kilichotafutwa mlangoni hakikuwa kitendo. Kilikuwa ni asili, na hapo ndipo kanuni ya Hermione ilipovunjwa.

Mipaka ya siri

Hatudai kwamba siri haina gharama. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na methali hii inabeba onyo la haki: anayejificha huishi kwa hofu, na watoto wake huweza kukosa lugha ya bibi yao. Aidha, kila anayefaulu kujificha huwaacha nyuma wale wasioweza. Pana mstari, kwa hiyo, ambao ni lazima uchorwe. Kunyamaza ni halali. Kujitaja vingine mbele ya mwenye rungu ni halali pia. Lakini anayecheka pamoja na wanaowatukana ndugu zake, au anayewarushia jiwe la kwanza ili asishukiwe, amekwisha kuvuka mpaka. Huyo ameacha kujilinda, ameanza kulitumikia gunia. Mhusika wa fantasia anayestahili kuhakikiwa kwa ukali ni huyo, na kwa bahati mbaya ni nadra kumkuta akiandikwa kwa kina.

Eastlands imebuni njia yake ya kuishi na swali hili. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde (1997) wanalihusisha chimbuko la Sheng na mitaa hii, ambako watoto wa lugha nyingi walikulia ua mmoja. Wahakiki wa lugha wameijadili Sheng zaidi kama tatizo la usanifu. Kimaadili ina sura nyingine: ni mazungumzo ambayo ndani yake asili haiulizwi kwanza. Kijana husema yeye ni wa Jericho au wa Kaloleni, na jibu hilo hutosha. Kitambulisho cha taifa, kwa miongo mingi, hakikuridhika na jibu hilo. Kilimwandikia wilaya na lokesheni, mara nyingi ya baba yake, hata kama hajawahi kulala huko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka, jibu la mtaani lilishindwa mahali pengi na jibu la kwenye kadi likatawala. Hata hivyo, wapo majirani waliowaficha majirani. Walijua, wakanyamaza.

Hitimisho

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alitupa katika Walenisi (1995) fantasia ya Kiswahili ambayo haikuhitaji mbwamwitu. Shujaa wake Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ili aangamie, lakini chombo kinamfikisha katika nchi nyingine. Jina la nchi hiyo lina hoja nzima ndani yake: wale ni sisi. Hakuna mhusika anayetakiwa kuthibitisha kipaji ili ahesabiwe, wala hatari iliyo damuni inayoombewa uvumilivu. Mkangi anaanzia pale ambapo fantasia ya siri hujaribu kufika.

Madai yetu, basi, ni mawili. Kwanza, deni la ukweli katika mazingira ya ubaguzi humwangukia kwanza anayeuliza: aseme anauliza kwa nini, na aulize akiwa uso wazi. Pili, shujaa wa kimaadili wa riwaya hizi si lazima awe mwenye siri. Mara nyingi ni yule aliyeijua siri akaitunza. Mwalimu anayeifundisha riwaya ya aina hii katika shule ya Makadara au Dandora hana haja ya kuwauliza wanafunzi wake kama wangejifichua. Awaulize wangefanya nini na siri ya mwenzao siku ambayo mtu amesimama mlangoni akiiulizia.