Sura ya mtu ni amana

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha, hilo tuwaachie. Sisi tuulize: nani mwenye haki ya kuivunja sura ya mtu na kuiunda upya?

Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu (1932–1993) aliunganisha picha za wateja wake studioni, zama za filamu. Mteja aliridhia, na mtazamaji aliona kuwa ni urembo. Leo kijana wa Ngamiani, Tanga, akiufinyanga uso wake kwa kompyuta hata usitambulike, hajamdanganya mtu. Lakini akimpachika jirani mahali asipopata kufika, kisha akaficha maungio, huo ni ushahidi wa uongo. Ndoa huvunjika kwa hayo.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuihakiki habari aletayo fasiki. Picha nayo ni habari.