Mbegu Zinazoamshwa na Moshi

Mwaka 1911 Profesa Harold Pearson, bingwa wa elimu ya mimea, alifika kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Table, Cape Town, akakuta shamba lililotelekezwa. Zamani familia ya Cloete ilikuwa imestawisha hapo mizabibu na miti ya matunda, ikapanda na mialoni. Mwaka 1895 mwanasiasa Cecil Rhodes alilinunua, na alipofariki mwaka 1902 akaliacha liwe mali ya taifa. Magugu yakatanda. Nguruwe wakawa wanazurura humo wakifukua matunda ya mialoni.

Pearson aliona hapo ndipo mahali pa kuweka bustani ya mimea. Mwaka 1913 bustani ya Kirstenbosch ikaanzishwa, naye akaiongoza bila mshahara hadi alipofariki mwaka 1916. Alizikwa humohumo. Tangu mwanzo nia ilikuwa moja: kuotesha mimea ya Afrika Kusini yenyewe, wakati bustani kubwa nyingi zilijivunia mimea ya kutoka mbali. Namshukuru kwa uamuzi huo, maana Mwenyezi Mungu ameijalia pembe ile ya bara letu kuliko tunavyodhani. Eneo la mimea la Cape lina aina zipatazo 9,000, na zaidi ya theluthi mbili hazioti popote pengine duniani.

Nyingi ni za uoto uitwao fynbos: vichaka vyenye majani membamba na magumu, pamoja na protea, ambazo maua yake makubwa hutembelewa na ndege aina ya chozi wanaokuja kunywa asali yake. Uoto huu huungua. Kila baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, moto hupita na kuacha mlima mweusi. Mgeni angedhani mambo yamekwisha. Lakini chini ya majivu kuna akiba. Mbegu za mimea mingi huzaliwa na kijipande chenye mafuta, nao sisimizi huvutiwa nacho, wakazibeba hadi mashimoni mwao. Humo hula kile kijipande na kuiacha mbegu yenyewe salama, mbali na panya na mbali na ndimi za moto. Sisimizi ameshiba, na mbegu imepata ghala.

Itajuaje basi kwamba wakati wa kuota umefika? Kwa miaka mingi mbegu hizi ziliwashinda watunza bustani. Walizipanda, wakazimwagilia, zisiote. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini, de Lange na Boucher, walionyesha kwamba mbegu za mmea mmoja adimu wa fynbos huamshwa na moshi, si lazima ziguswe na joto la moto. Baadaye ikaonekana kwamba mimea mingine mingi iko hivyo. Kirstenbosch wakatengeneza karatasi zilizonyweshwa maji ya moshi: unaloweka karatasi moja pamoja na mbegu zako, kisha unapanda. Mwaka 2004 wanakemia walikitambua kiambata kimojawapo cha moshi kinachofanya kazi hiyo, na kiasi kidogo mno kinatosha. Mbegu haina pua wala ubongo, lakini imepewa kujua kwamba vichaka vilivyoifunika vimeondoka na jua sasa linafika ardhini. Mimi siwezi kuuita mpango huo bahati.

Kuna mmea mmoja pale unaosikitisha. Ni saikadi, jamii ya kale mno yenye sura ya mchikichi, isipokuwa huzaa koni. Aina hii, *Encephalartos woodii*, iligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa Ngoye: mmea mmoja tu, tena dume. Jike halijapatikana hadi leo. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya dume lile, na ule wa Kirstenbosch umezungushiwa vyuma kwa hofu ya wezi. Alichokiumba Mungu kikipotea, hatuna uwezo wa kukiumba tena. Tunaweza tu kukilinda kilichobaki.

Ukijaliwa kufika Cape Town, usiishie ufukweni. Nenda Kirstenbosch mwezi Agosti au Septemba, maua yanapochanua, tembea polepole miongoni mwa protea, na umtukuze Aliyeziumba.