Nafuu ya Bei Imetoka Mfukoni mwa Nani?



Mtu akitaka kujua jinsi watu wa Goma wanavyopata chakula chao, na aamke mapema, ashuke mpaka Kituku, kwenye ufuko wa ziwa Kivu. Jua halijapanda bado, na mitumbwi na mashua za mota zimekwisha kufika. Zinatoka kisiwa cha Idjwi, Minova na vijiji vya Kalehe, zimebeba ndizi, mihogo, maharage, mananasi, makala na kuku waliofungwa miguu. Wapagazi wanaingia majini mpaka magotini, akina mama wanapokea mizigo, na chukudu zinangoja juu barabarani. Vitu vya Kituku huwa na bei nafuu kwa sababu hapo ndipo vinaposhukia. Kwa hiyo sisi wenye mifuko miepesi twapenda kwenda huko wenyewe.

Sisi tunaoandika maneno haya ni katekista na baba wa watoto. Twajua maana ya kuhesabu franga mara mbili kabla ya kununua chumvi na sabuni. Basi tusidhaniwe kwamba twataka kuwalaumu wanaotafuta bei nafuu. Kutunza pesa ya nyumba si dhambi, bali ni wajibu. Baba anayetupa pesa ovyo anawanyima watoto wake. Hata Bwana Wetu Yesu Kristu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza mitume wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu. Lakini ziko nafuu za namna mbalimbali, nazo hazifanani mbele ya Mungu. Leo twataka kuuliza swali moja tu: franga iliyobaki mfukoni mwetu baada ya kupatana bei, imetoka kwa nani?

Jambo lililotufanya tuulize hivyo lilikuwa hili. Siku moja alasiri tulishuka Kituku kutafuta maharage. Mawingu mazito yalikuwa yamefunika ziwa. Tukamkuta mama mmoja wa Idjwi amebaki na beseni moja la maharage mazuri, akataka franga 30,000. Tuliona mara moja kwamba bei ni ya haki, maana asubuhi ile jirani yetu alikuwa amenunua kwa bei iyo hiyo. Lakini tuliona pia kwamba mota ya mashua imekwisha kuwashwa, na nahodha anawaita abiria. Tukayakunjia uso maharage, tukasema yana vumbi, yana wadudu, tukageuka kama watu wanaokwenda zao. Mama akapunguza. Tukageuka tena. Mwisho akatazama mawingu, akatazama mashua, akasema, “Haya, Papa, leta.” Tulimpa 18,000. Tena tukadai matabishi, naye akatuongezea viganja viwili. Tulirudi nyumbani tukijisifu, na jioni ile tuliwasimulia wageni werevu wetu, wote wakacheka.

Baada ya majuma kadhaa tulikutana naye tena palepale. Alitutambua kabla hatujamtambua. Akasema bila hasira, “Papa, si wewe wa maharage? Siku ile sikuuza, nilitupa mzigo tu.” Akatuhesabia kwa vidole: nauli ya kuja, nauli ya kurudi, ushuru, mpagazi. Kilichobaki kilitosha chumvi na sabuni. Madaftari ya mtoto yalibaki dukani, na mtoto alibaki nyumbani mpaka mavuno mengine. Hatukuwa na la kujibu. Watoto wetu walikuwa wamekula maharage yale, na madaftari yao walikuwa nayo.

Basi tutazame vizuri bei ya kitu ina nini ndani yake. Tukiona beseni la maharage, twaona maharage tu. Lakini ndani yake mna mgongo ulioinama shambani, mna mbegu, mna mvua iliyongojewa, mna njia ya majini na hatari zake. Watu wa Kituku hawahitaji kufundishwa habari ya hatari hizo. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, iliyojaa watu na mizigo kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari hii, huku watu wakiitazama toka ufukoni. Makumi ya watu walikufa maji. Wengi walikuwa wamepanda mashua kwa sababu vita ilikuwa imeifunga barabara ya kupitia Sake. Ndiyo kusema, iko gharama isiyoandikwa popote, nayo hulipwa na yule aletaye chakula. Anayeipunguza bei bila kufikiri, mara nyingi anaipunguza hapo.

Wazee wa Kanisa walilifikiri jambo hili zamani sana. Kitabu cha Methali chamcheka mnunuzi anayekitukana kitu mbele ya mwenye kukiuza, kisha akienda zake hujivuna. Tulipoyasoma tena maneno hayo tulijiona wenyewe na beseni letu. Naye Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, katika kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu, asimulia habari ya mchekeshaji mmoja aliyewaahidi watu kuwaambia siri ya mioyo yao wote. Watu wakajaa kumsikiliza. Akawaambia kwamba wote wapenda kununua kwa bei rahisi na kuuza kwa bei ghali. Wote wakampigia makofi. Lakini Agostino hakukubali. Alisema hiyo ni kilema cha moyo, wala si ya watu wote, maana yeye mwenyewe alimjua mtu mmoja aliyeletewa kitabu na muuzaji asiyejua thamani yake. Muuzaji alitaka pesa kidogo tu, naye mnunuzi akampa bei ya haki, iliyokuwa kubwa zaidi.

Pengine msomaji atasema: “Basi kupatana bei ni dhambi? Tulipe kila tunachoambiwa?” Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba bei ya haki si kama nukta moja isiyosogezwa. Ni makadirio, na kupanda au kushuka kidogo hakuharibu haki. Kupatana bei ndani ya mipaka hiyo ni desturi njema ya soko. Watu wanacheka, wanaulizana habari za nyumbani, na mwisho kila mmoja anaondoka ameridhika. Lakini Tomaso aongeza neno zito. Asema ikiwa mnunuzi anakihitaji mno kitu, na muuzaji hapati hasara ya pekee kwa kukitoa, basi muuzaji asipandishe bei kwa sababu ya shida ya mnunuzi. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Sisi twaligeuza neno hilo upande wa pili: hofu ya mama yule, mawingu yake, mashua yake iliyokuwa ikiondoka, havikuwa mali yetu. Tulivifanyia biashara, tukapata franga 12,000.

Mwingine atasema: “Lakini alikubali kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono.” Jibu alikwisha kulitoa Papa Leo wa XIII mwaka 1891, katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali mshahara mdogo mno kwa sababu ya dhiki, au kwa kuogopa mabaya zaidi, huyo ametendewa nguvu, ijapokuwa amesema ndiyo. Lililo kweli kwa mshahara ni kweli kwa bei ya maharage pia, maana kwa mkulima bei ndiyo mshahara wake.

Mwingine tena atasema: “Sisi wenyewe tu maskini. Mji ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifungwa, kazi zikapotea. Nani atatuhurumia?” Neno hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Mama asiye na kitu cha kupika, akiomba kupunguziwa, afanya sawa, na auzaye akimhurumia apata baraka. Maskini haamriwi kutoa asicho nacho. Lakini tuwe wakweli. Siku ile ya maharage tulikuwa na 30,000 mfukoni. Tuliipunguza bei kwa sababu tuliweza, wala si kwa sababu tulikosa. Tena ni jambo la kusikitisha kwamba mtu yule yule, akiingia katika duka kubwa la mjini lenye bei zilizobandikwa, hulipa bila neno. Nguvu zake za kupatana bei zote huzitunza kwa ajili ya mama aliyekaa chini.

Tusidhani jambo hili ni la Kituku tu. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hutusimulia habari za maduka ya bei nafuu, na karatasi ndogo ziitwazo kuponi, ambazo mtu akizipeleka dukani hupunguziwa bei. Huko Essen, Ujerumani, ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, walilichukua duka la mama yao baada ya vita kuu ya pili, na kutoka hapo yakatokea maduka yanayoitwa Aldi. Werevu wao ulikuwa kuuza vitu vya aina chache tu, bila mapambo, vingine vikiwa ndani ya maboksi yake. Nafuu ya namna hiyo yatoka katika kazi iliyopangwa vizuri, nayo ni njema. Lakini mwaka 2020 wakulima wa nchi hiyo hiyo walifunga kwa matrekta njia za maghala ya baadhi ya maduka ya bei nafuu, wakidai bei ya haki kwa mazao yao. Hata kule, basi, swali ni lile lile: nafuu hii imetoka mfukoni mwa nani?

Twaona kwamba nafuu ni za namna tatu. Ya kwanza hutoka kwetu wenyewe: kuamka mapema, kununua vitu vya msimu wake, kupika sombe siku ambayo nyama haipatikani, kutotupa chakula. Hiyo ni fadhila. Ya pili hutoka katika kuungana na kupanga kazi, hata muuzaji na mnunuzi wote wapate faida. Hiyo ni fadhila na akili pamoja. Ya tatu hutoka katika dhiki au ujinga wa mwenzetu. Hiyo, hata kama haina jina la wizi, inakaa nyumba moja na wizi, na amri ya saba yaihusu.

Katika Shirika letu, baada ya kusikia habari ya maharage, akina mama walianza kujaribu namna ya pili. Nyumba kadhaa huchanga pesa siku moja kabla. Wawili wanashuka Kituku alfajiri, wananunua mzigo mzima toka mashua kwa mkulima mmoja, kisha wanaugawa kwa kopo moja mbele ya wote. Mkulima hupunguza bei kwa furaha, maana amemaliza kuuza mapema, na atarudi na mashua ya kwanza bila kununua chakula cha mchana mjini. Nafuu hiyo haikumtoka yeye. Imetoka katika siku nzima ambayo hakuipoteza.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1844 mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafumaji wa nguo waliochoshwa na bei za juu na unga uliochanganywa na uchafu, walichanga pesa wakafungua duka lao. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa. Waliuza vitu safi kwa vipimo vya kweli, na faida waliigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Vyama vingi vya ushirika duniani vyafuata mfano wao.

Haki, hata hivyo, ina mikono miwili. Twawaambia na wauzaji: kopo lililobonyezwa chini, mawe ndani ya maharage, majani yaliyojazwa katikati ya gunia la makala, hayo pia ni kuchukua mfukoni mwa mwingine. Nabii Amosi aliwakemea vikali wenye vipimo vidogo. Mnunuzi na muuzaji watasimama mbele ya Hakimu mmoja.

Ndugu msomaji, jioni unapochunguza dhamiri yako, usiulize tu kama umesali na kama umegombana na mtu. Uliza pia: leo nimenunua nini, kwa nani, naye amerudi nyumbani na nini? Mama yule wa Idjwi tulimnunulia tena maharage, kwa bei yake, tukamlipa na zile franga 12,000. Alizihesabu polepole, akazifunga katika pembe ya kitenge chake, akasema tu, “Aksanti, Papa. Madaftari sasa yatanunuliwa.” Lakini miezi ya masomo aliyoikosa mtoto yule hatuwezi kuirudisha. Heri tungalilipa bei ya haki siku ile ya kwanza.