Chuma Kizito cha Samut Prakan

Kobalti ni metali ya manufaa, tena iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kongo peke yake, hasa maeneo ya Kolwezi na Likasi, hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Imo kwenye betri za simu nyingi, kwenye mapangaboi ya injini za ndege kwa kuwa aloi zake hazilegei kwenye joto kali, na kwenye rangi ya buluu ya vioo. Hata vitamini B12 mwilini imejengwa juu yake. Kobalti hiyo ya kawaida unaishika tu, haina neno.

Shida huanzia kwingine. Ikiwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, kobalti hunasa nyutroni na kugeuka kobalti-60, ambayo hutoa mionzi mikali ya gama. Mionzi hiyo imewatibu wagonjwa wa saratani katika hospitali za Ocean Road na Mulago kwa miaka mingi. Lakini kwa macho huwezi kutofautisha kobalti-60 na kobalti isiyodhuru. Haina harufu, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushei. Kwa hiyo mashine iliyokwisha kazi hospitali bado inaweza kuua mtu.

Ndivyo ilivyotokea nchini Thailand mwaka 2000. Kampuni moja ilikuwa na mashine kuukuu za tiba ya mionzi, ikaziweka kwenye uwanja wa kuegesha magari bila kibali. Hapo ndipo palipokuwa na dalili ya kwanza, na waliopaswa kuiona ni watu waliosoma. Mwishoni mwa Januari, sehemu ya mashine moja ikaangukia mikononi mwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakajaribu kuifungua nyumbani, ikawashinda.

Hebu tukiangalie kile kipande kwa macho yao. Ni mche wa duara wa chuma, mdogo kwa umbo, lakini mzito ajabu kwa sababu ya risasi iliyojazwa ndani. Kwa anayeuza kwa kilo, uzito ni neema. Nani angejiuliza risasi yote hiyo inazuia nini? Juu yake palikuwa na alama ya mionzi, ile inayofanana na feni yenye mabawa matatu, na maandishi ya onyo. Hawakuielewa alama, wala maandishi hayakuwasaidia. Nakiri kwamba mimi nawe, tukiwa na njaa na mizani iko mbele yetu, tungeweza kuipita alama hiyo vilevile.

Tarehe 1 Februari wakakipeleka kwenye yadi ya vyuma chakavu huko Samut Prakan, karibu na Bangkok. Kijana wa yadi akakikata kwa gesi. Ndani vikatoka vipande vidogo vya metali, akavishika kwa mkono.

Baada ya hapo dalili zilikuja mfululizo. Watu waliokuwa karibu waliumwa kichwa, wakapata kichefuchefu, wakatapika. Mikono ya walioshika ikaungua na kuvimba. Nywele zikaanza kunyonyoka. Ukizitazama moja moja, kila dalili ina maelezo yake mepesi: labda ni chakula, labda ni moshi wa gesi, labda ni uchovu tu. Lakini watu kadhaa waliogusa chuma kimoja wakiumwa namna moja, hilo si jambo la kunywa panadol na kurudi kazini. Kwa zaidi ya wiki mbili chanzo cha mionzi kilikaa palepale yadini, na watu wakiendelea kuingia na kutoka.

Madaktari ndio waliounganisha mambo. Waliwaona wagonjwa wenye vidonda vya mikono na damu iliyopungukiwa chembe nyeupe, na tarehe 18 Februari wakatoa taarifa kwa idara ya atomu. Wataalamu walikiondoa chanzo usiku wa tarehe 19 kuamkia 20. Watu 10 waliumia vibaya, na 3 kati yao wakafariki: wafanyakazi wawili wa yadi na mume wa mwenye yadi.

Ndugu zangu mnaoishi kwa skrepa, na sisi tunaowauzia makorokoro yetu, tusione haya kuuliza kitu kimetoka wapi. Kipande kizito kupita umbo lake, chenye risasi au nembo ya hospitali au kiwanda, kisikatwe wala kupimwa. Kiacheni kilipo, watu wakae mbali, na polisi waarifiwe. Kwa Tanzania, wataalamu wa mambo haya wako Tume ya Nguvu za Atomu.

Mwaka 2007 ilitolewa alama mpya kwa ajili ya ajali za namna hii: pembetatu nyekundu yenye mionzi inayomiminika, fuvu la kichwa, na mtu anayekimbia. Haibandikwi mlangoni wala kwenye gari. Huwekwa kwenye mashine yenyewe, karibu na chanzo, mahali panapoonekana tu mtu akianza kuifungua. Ukiikuta, basi umeshafungua kupita kiasi. Weka spana chini na uondoke.