Ukwangala: Kikombe na Kikao

Lipo katika Kinyakyusa neno ambalo halina jozi yake sawasawa katika Kiswahili. Neno hilo ni ukwangala. Kwa maana ya karibu, ni kustarehe pamoja na watu: kuzungumza, kutaniana, kula na kunywa na wenzio bila ya haraka. Kwa maana ya mbali ni zaidi ya starehe, kwani limebeba pia msaada na huruma viletwavyo na urafiki, pamoja na adabu ya mtu anayejua kuishi na wenziwe. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa yeye na mumewe Godfrey baina ya 1934 na 1938, aliliona neno hilo kuwa ufunguo wa maisha ya watu wale, hata kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika akakiita Good Company, yaani uandani mwema. Katika vijiji hivyo wavulana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakala kwa kuzunguka katika nyumba za mama zao, wakakua, wakaoa na kuzeeka wakiwa majirani. Kuishi na wenzio wa rika ndiko kulikokuwa shule ya ukwangala. Na pombe ilikuwa mojawapo ya vyombo vya shule hiyo.

Hapo ndipo swali linapozuka. Je, wema wa kukaa pamoja umo katika kikao, au umo katika kile kinachonywewa kikaoni? Na ikiwa umo katika kikao, je, anayekikataa kikombe amewakataa na watu?

Kisondela, kata ya milimani katika wilaya ya Rungwe, penye migomba, mashamba ya chai na mvua zisizochoka, swali hili si la kujipima akili. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri kutoka Ujerumani walipiga kambi katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na makanisa yaliyotokana na kazi yao, pamoja na mengine yaliyofuata, yamewafunza waumini wengi waiache pombe. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja huweza kupita njia moja jioni, mmoja akaingia kilabuni na mwingine akaendelea na safari yake ya kanisani, na kila mmoja akabaki na la kusema juu ya mwenziwe.

Kwanza na itazamwe pombe yenyewe. Kinywaji cha fahari cha Wanyakyusa ni kimpumu. Ulezi huloweshwa mpaka uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Kimea hicho huchanganywa na unga mwingine uliovundikwa, vikaachwa vichache kwa siku kadhaa. Siku ya kunywa, maji ya moto humiminwa juu ya machicha yaliyomo chomboni, na mnywaji hufyonza kwa mrija. Maji yakipungua huongezwa mengine, na utamu hupungua kidogo kidogo mpaka machicha yamalize alichokuwa nacho mpishi. Katika baridi ya Rungwe, ukungu ukiwa umefunika migomba, si ajabu watu kukipenda kinywaji cha moto.

Jambo moja katika maelezo hayo ni la maana kuliko ladha. Kimpumu hakingoji. Kikishaiva hudai kunywewa, kwani siku chache tu humtenga mtamu na mchachu usionyweka. Mtu hawezi kukipika na kukificha uvunguni akinywe peke yake mwezi mzima. Akikipika hana budi kuita watu. Kinywaji chenyewe kimeumbwa na dharura ya wageni. Zamani mwenye pombe aliwaita waliomsaidia kulima, au waliokuja katika ndoa na matanga. Siku hizi aghalabu ni mwanamke aipikaye kwa kuuza, naye huwaita walio na fedha. Tofauti hiyo ni kubwa, na itarejewa. Lakini hata yeye anajua ya kwamba kesho ya kutwa kilichobaki hakitakuwa na mnunuzi.

Waingereza, ambao walitawala Rungwe baada ya Wajerumani, nao wana nyumba yao ya namna hii, na jina lake limefupishwa kutokana na maneno yenye maana ya nyumba ya umma. Katika nyumba ya namna ya kale bia hukaa ndani ya pipa ghalani ikiwa bado hai. Hamira yake inaendelea kufanya kazi, na mwenye nyumba huipandisha juu kwa pampu ya mkono bila ya kuisukuma kwa gesi. Kando yake huwapo pipa la kinywaji cha matufaha yaliyochachuliwa. Pipa likishafunguliwa, uhai wake ni wa siku tu. Viwanda vikubwa havikuupenda uhai huo: bia iliyochujwa, ikachemshwa na kutiwa gesi husafiri mbali na hukaa muda mrefu. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza, wakiwa matembezini Ireland, walianzisha chama cha kuitetea bia ya pipa, na chama hicho kikaja kuwa na wanachama wengi mno. Wao walisema wanatetea ladha. Huenda walikuwa wanatetea na kitu kingine wasichokitaja sana: kinywaji kisichohimili safari humlazimisha mnywaji asafiri yeye, atoke nyumbani kwake, akae palipo na wenziwe. Chupa haimlazimishi mtu neno. Chupa humfuata chumbani.

Kwa mtazamo huu mzee wa Kisondela anayefyonza mrija wake na mzee wa kijiji cha Kiingereza anayeegemea kaunta wamekaribiana zaidi kuliko kila mmoja wao alivyokaribiana na mjukuu wake aliyebeba chupa nne ndani ya mfuko mweusi.

Hapana shaka msomaji wa visiwani amekwishanyanyua mkono. Atauliza: kwani kukaa na watu kunahitaji ulevi? Unguja, Pemba na Lamu zina mabaraza tangu enzi, na dini ya watu wake imekiharamisha kileo, wala hakuna aliyepungukiwa na mazungumzo. Kipingamizi hiki ni cha haki na hakijibiwi kwa kukipuuza. Kwa hakika ndicho kinachofungua fumbo. Muuza kahawa huja na dele lake juu ya mkaa, akigonganisha vikombe ili watu wamsikie; kahawa chungu humiminwa katika kikombe kisichozidi mafunda machache, na yule aliyekunywa hukirudisha ili mwengine naye anywe. Hakuna anayebeba kahawa ile akaenda kuinywa kesho. Ikipoa, imekufa. Nayo, kama kimpumu na kama bia ya pipa, haingoji. Na kwa kutongoja kwake huwafanya watu wangojane. Hapa basi pana dalili kuwa ukwangala hauna haja ya kileo. Una haja ya kitu kinachonywewa sasa na hapa, mahali ambapo apitaye anaweza kukaribishwa.

Lakini ni pupa kumaliza mjadala hapo, kwani baraza na kilabu vina upande wao wa giza, na Wanyakyusa wenyewe walikuwa wa kwanza kuukiri. Wilson ameeleza imani waliyoiita pumzi za watu: jirani aliyetenda kinyume cha desturi hunung'unikiwa, na manung'uniko hayo huaminiwa kumletea maradhi yaliyoanza na ubaridi mwilini. Katika makosa yaliyoamsha pumzi hizo ulikuwamo uchoyo. Mtu aliyewanyima wenziwe karamu iliyokuwa haki yao alikuwa na sababu ya kuogopa usiku. Kwa hiyo karamu zile zilizosifiwa zilikuwa na kiboko nyuma ya mlango. Waingereza nao, bila ya kuamini pumzi za mtu, wana desturi ya zamu, ambapo kila mmoja wa kundi huwanunulia wote. Anayekunywa za wenziwe kisha akaondoka kabla ya zamu yake kumfika hatasahauliwa upesi.

Je, ukarimu unaotolewa kwa hofu ni ukarimu? Wapo wasemao si ukarimu, ni kodi. Jibu hili ni jepesi kupita kiasi. Aristotle alifundisha kuwa mtu huwa mwema kwa kutenda mema mara kwa mara mpaka yakawa tabia yake, na hakuna mtoto aliyeanza kugawa tonge kwa hiari yake. Mvulana wa kijiji cha marika aliyegawa chakula leo kwa kuchelea maneno, kesho aligawa kwa mazoea, na huenda akiwa mtu mzima aligawa kwa sababu hakuona ladha ya kula peke yake. Hofu huweza kuwa mlango. Ubaya ni kuukalia mlango huo maisha yote.

Na kipimo cha kujua kama kikao kimeuvuka mlango wa hofu ni kile kinachomfanyia mtu asiyekunywa. Mlokole anapoingia kilabuni kumtafuta shemeji yake mwenye msiba, akaambiwa aketi, akaletewa togwa au chai, na mazungumzo yakaendelea bila ya kumchokoza, hapo ukwangala upo. Togwa hutokana na kimea kile kile cha ulezi, ila haikuachwa ipate ukali. Kwa hiyo asiyekunywa hakuletewa kitu kigeni katika kikao. Anapochekwa, akaambiwa amejiona bora, akalazimishwa aonje kidogo tu, basi waliokaa pale si waandani bali ni walinzi wa desturi. Haki hii ina pande mbili. Mlokole anayepita barabara nyingine ili asiwasalimu walio kilabuni amekiacha kikombe, jambo ambalo ni haki yake, lakini amewaacha na watu, jambo ambalo dini yake haikumwagiza.

Imesalia habari ya mwenye chungu, na ndiyo nzito kuliko zote. Ukwangala ulioelezwa na Wilson ulikuwa hasa ni wa wanaume. Waliopalilia ulezi, wakauchipuza, wakausaga na kuuchemshia maji walikuwa wanawake, ilhali walioketi kuufurahia wakisifiwa kwa maungwana yao walikuwa waume zao. Pombe ilipogeuka bidhaa, mwanamke alipata angalau malipo ya kazi aliyokuwa akiifanya bure. Akina mama wengi wa vijijini wamelipa ada, wamenunua daftari na kuezeka mabati kwa fedha za chungu. Yeyote anayetaka kuilaani kilabu sharti kwanza amwambie mama huyo fedha hizo zitatoka wapi.

Hata hivyo, biashara imemwekea mtihani ambao mwenye karamu wa zamani hakuwa nao. Mwenye karamu alikuwa na chungu kimoja, na kilipokwisha, kimekwisha. Ulevi wa mgeni haukumwongezea senti. Muuzaji hufaidi kwa kila kipimo. Na wakati mwingine anayefaidiwa ni yule ambaye mkewe ni jirani yake, na ambaye watoto wake hucheza uani kwake. Anajua mtu huyo ameuza majani ya chai lini, amelipwa kiasi gani, na unga umekwisha lini nyumbani mwake. Sheria ya leseni ya Uingereza ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumwuzia mtu aliyekwisha kulewa, ambacho ndicho kiasi sheria inachoweza kuona: macho mekundu na miguu isiyoshika ardhi. Mama wa Kisondela anaona zaidi. Anamwona mtu ambaye hajalewa bado, mwenye fedha mkononi, na anajua fedha ile ni ya nani.

Atasemewa kuwa si mlezi wa watu wazima. Ni kweli kwa mfanyabiashara wa mjini asiyewajua wateja wake. Kutojua kunampunguzia dhima. Yeye hana kinga hiyo. Ujuzi wake wa jirani, ambao ndio unaoifanya kilabu kuwa kilabu na si duka la chupa, ndio pia unaomtwisha mzigo. Haiwezekani kuuza uandani pamoja na kimpumu, kisha hesabu inapofika kudai kuwa kilichouzwa ni kimpumu peke yake. Na ni hapa ambapo wenzi wa kikao hujificha mno: humwachia mwanamke peke yake kazi ya kusema basi, ilhali waliokuwa wakimchekea na kumwongezea ni wao, na yule wa rika lake aliyekaa ubavuni mwake angeweza kumshika mkono mapema.

Kumfukuza si dawa, kwani aliyefukuzwa hupata chupa njiani, na chupa haimjui mkewe. Kunako vilabu vilivyo na wazee wenye kusikilizwa, mtu wa namna hiyo huambiwa abaki. Mrija huondolewa mbele yake, na maji ya moto yaliyokuwa yaongezwe chunguni humiminwa katika kikombe cha chai. Mazungumzo yanaendelea naye yumo ndani yake, fedha yake ikiwa bado mfukoni, mpaka mvua ipungue na mmoja wao asimame kumsindikiza.