Neno Langu na Muhuri wa Daktari

Jumatatu moja nilimwandikia bosi: "Nimeamka na malaria." Uongo. Nilikuwa kitandani, pazia zimefungwa, ndoo kando yangu, na upande mmoja wa kichwa ukigongwa nyundo kutoka ndani. Kipandauso. Nilichagua malaria kwa sababu malaria ina kipimo. Ukisema kichwa, unajibiwa, "Ni kichwa tu? Si umeze Panadol uje?"

Sasa, mwongo hapo ni nani? Kwa muda mrefu nilijitetea: siumwi uongo, nimebadilisha jina la ugonjwa tu.

Kipandauso si kichwa tu. Kinaweza kukushika masaa 4 hadi 72. Unatapika, mwanga unakuchoma, hata kijiko kikigonga kikombe ni kelele. Na hakuna kipimo cha damu cha kukithibitisha. Picha ya kichwa hupigwa kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Mara nyingi hutoka safi, nawe ungali unaumwa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Kikikulaza siku 2 kila mwezi, zile za mshahara kamili zinaisha mwezi wa nne. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hicho cheti. Daktari anajuaje nina kipandauso? Ananiuliza, ananipima kidogo, ananisikiliza, kisha anaandika. Yaani kile cheti kwa sehemu kubwa ni neno langu lililopigwa muhuri. Bosi analikataa likitoka mdomoni mwangu, analipokea likirudi na muhuri.

Ningeishia hapo, ningetoka msafi. Shida ni kwamba mwaka jana mwenzangu wa dawati la pili alikuwa akikosa kazi kwa sababu ya mgongo. Nilisema nini? "Huyu anatafuta ofu tu." Mimi, mwenye ndoo kando ya kitanda. Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila mimi nilikuwa na kitanda changu na kunguni wangu, na bado sikumwamini.

Ndipo nikaona malaria yangu ilikuwa na gharama. Kila nilipoitaja, nilikuwa nakubali kwamba maumivu yasiyo na kipimo si sababu ya kutosha. Mimi nilipata siku yangu. Aliyefuata akisema ukweli alizidi kuonekana mvivu.

Mwezi uliopita niliandika: "Nina kipandauso. Siwezi kuja leo." Jibu likaja: "Sawa. Leta karatasi."

Nilipeleka. Lakini yule wa mgongo, mimi simwitishi karatasi tena. Na bado sijamwambia nilichosema juu yake.